Yosefu Aliyetoka Rangi

Harufu ilinifikia kabla ya macho. Nilikuwa nimekata kamba ya katoni juu ya meza ya duka langu hapa Mubi, nikafunua magazeti, na ile pumzi ya plasta mbichi na rangi ya bei rahisi ikanipanda puani. Nikakaa. Kisha nikasimama, nikatoka mlangoni kuangalia barabara, nikarudi. Mimi ni mtu wa kukaa na kusimama. Mume wangu husema kiti changu ndicho kitakachodumu kuliko viti vyote vya nyumba hii. Leo ilikuwa mbaya zaidi, maana mdogo wangu alikuwa njiani juu ya pikipiki tangu alfajiri, akishusha fromaji, jibini letu la maziwa ya ng'ombe, kutoka kwetu Masisi, na kila nilipopiga simu yake, simu ilikuwa kimya.

Katoni ilikuwa ya sanamu za kreshi, lile zizi la Noeli: Maria, Yosefu, mtoto, wachungaji, punda na ng'ombe. Watu wa hapa hawanunui kundi zima kwa mara moja. Mama mmoja anachukua Maria mwaka huu, mwaka kesho Yosefu, anaongeza polepole, na jirani yake akimtangulia kwa punda, hapati usingizi. Mtu akikusanya hivyo anakuamini, kwa hiyo mimi siuzi bila kupima. Ninatoa kikopo cha mafuta ya ng'ombe chini ya meza, ninachovya kidole gumba, ninamsugua kila mmoja nyuma ya sikio. Nilimsugua Yosefu wa kwanza, rangi yote ikahamia kidoleni.

"Mama, uko unawapaka mafuta ao unawabatiza?" aliniuliza mwanamotari mmoja, dereva wa pikipiki, aliyekuja kununua sabuni.

"Niko napima. We nunua sabuni yako uende."

Niliwageuza mmoja mmoja. Migongo haikupakwa kabisa. Mshono wa kalibu umeachwa ubavuni bila kusuguliwa, unaweza kukukwaruza. Jicho moja la mchungaji linaangalia Walikale, lingine linaangalia Goma. Verni, yale mafuta ya mwisho yanayofunga rangi isitoke, hata tone halipo. Watu wa kiwanda wanafikiri sisi hatuoni. Wanasema hao wa porini watapokea tu. Hasira zikanipanda, nikatoka tena kuangalia barabara.

Kupima kwa mafuta sikufundishwa na mfanyabiashara. Nilikuta nyumbani, na mwanzo wake ni woga mkubwa kuliko wote niliopata kuuonja.

Kwetu Masisi ni juu ya Nyabiondo, kwenye vilima, ambako asubuhi ukungu unaficha ng'ombe na unasikia tu wakitafuna. Papa alikuwa akikusanya fromaji za jirani zetu, anazifunga kwa majani ya ndizi, anashuka nazo mpaka huku Mubi. Akirudi alileta mawese, chumvi, na mara moja moja sanamu ya kreshi kwa ajili ya Mama. Mama alizipanga kwenye ubao wa vyansi, vile vyombo vyetu vya mti vya maziwa, maana ndipo palikuwa mahali safi kuliko pote nyumbani. Mgeni akiingia aliona chansi, Maria, chansi, punda. Sisi tuliona ni sawa kabisa.

Koko, mama yake Papa, alikuwa akiishi nasi, naye alikuwa na sheria yake: kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Mtoto mchanga, bibi-arusi, chansi kilichotoka kuchongwa, wote walipakwa mafuta ya ng'ombe kwanza. "Kitu kikavu hakina kwao," alikuwa akisema. Basi sanamu ikitoka katika mfuko wa Papa, Koko aliipakata, akaipaka kuanzia kichwani mpaka nyayoni, taratibu, anaiimbia kidogo, kama vile ingelia angeipa ziwa. Padri alipoliona jambo hilo alikohoa, halafu akaomba maziwa.

Maria ndiye aliyekuja wa kwanza. Alipakwa na kupakwa tena kila sikukuu, na rangi yake haikusogea. Kope zake zilichorwa moja moja. Hata mgongo wa kitambaa chake, ambao kila siku uliangalia ukuta, ulikuwa bluu ile ile. Punda naye alikuwa mzuri. Mchungaji alipofika alikuwa na mgongo mweupe, mfano wa mtu aliyenawa uso tu kwa sababu kengele ya misa imelia, lakini rangi aliyokuwa nayo ilikaa. Sikujua wakati ule kwamba kiwanda kilikuwa kinaanza kuchoka na sisi.

Kisha Mama akaenda kujifungua, na tumbo lake lilikuwa bado dogo. Alirudi kutoka kituo cha afya akitembea pole, na ndani ya kanga, juu ya kifua chake, kulikuwa na kitu nilichoambiwa ni mdogo wangu. Nilifunuliwa nione. Yoo! Masikio yalikuwa yamekunjika kama jani la haragi changa. Hakulia, alilia-lia tu, sauti ya mlango unaohitaji mafuta.

"Hakungoja siku zake," Koko alimwambia jirani, kwa sauti ya chini. "Alikuwa na haraka."

Muganga wa kituo alikuwa ameagiza mtoto akae kifuani mwa Mama, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Na jina hakupewa. Kwetu siku ya kumpa mtoto jina, watoto wa mlima wote wanaitwa, wanakaa kwenye mkeka, wanakula, halafu kila mmoja anasema jina alilomletea mtoto, na wakubwa wanachagua. Sisi watoto tuliingoja siku hiyo kuliko Noeli. Koko akaisogeza mbele. Akasema jina ni mzigo, tumngoje mtoto apate mgongo wa kulibeba. Kwa hiyo tukamwita "huyu". Huyu amenyonya. Huyu amelala. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba nyumba inayomwita mtoto "huyu" inaogopa.

Katika wiki ile ile Papa akapanda kutoka Mubi na Yosefu.

Alimtoa mfukoni, akamweka karibu na mchungaji, akaanza kucheka peke yake. Pua ile ile, mkunjo wa nguo ule ule, mkono umenyooshwa vile vile.

"Angalieni! Ni mutu mumoja! Walitumia kalibu moja, wakabadilisha rangi tu. Wa kijani njo muchungaji, wa kahawia njo Yosefu."

Koko hakujali hayo, akampakata, akachovya mafuta, akampaka. Alipoinua mikono, viganja vyake vilikuwa vya kahawia, na Yosefu alikuwa na upara mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Maajabu," Koko akasema. "Huyu anakimbia mafuta yangu?"

Papa alimchukua, akamkwaruza kwa ukucha. Kipande cha nguo kikaanguka kama ganda la yai. "Ni haraka ya kiwanda, Mama. Hawakungoja plasta ikauke, wakapaka juu ya maji. Tena walipaka kushi moja tu ya rangi, na verni hakuna. Leo ni kichwa, kesho ni mukono. Huyu hatakaa."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kuni mikononi. Sikucheka. Nilimwangalia yule aliyefanywa kwa haraka, halafu nikamwangalia yule mwingine aliyekuwa na haraka, pale kifuani mwa Mama, ambaye pia alikuwa anapakwa mafuta kila asubuhi na bibi yule yule, kutoka kibuyu kile kile.

Bado ningeweza kusahau, mtoto anasahau. Lakini baada ya siku kadhaa Koko alikuwa akimwosha mtoto karibu na moto, akapitisha kiganja mgongoni mwake, na kiganja kilirudi na maganda. Madogo, meupe, membamba. Nilisogea. Mabegani ngozi ilikuwa inabanduka, na nyayoni, na nyuma ya masikio. Koko alikung'uta mkono, akachukua mafuta zaidi.

Toka hapo sikupata utulivu. Nilikimbia kwenye ubao kumtazama Yosefu, nikakimbia kitandani kumtazama mdogo wangu, nikarudi kwenye ubao. Siku Yosefu alipopoteza ndevu, nilikwenda kumhesabia mtoto vidole. Nilichunga vibaya, nilimwaga maziwa, niliitwa na sikusikia. "Mutoto huyu ana siafu ndani ya nguo?" Koko aliuliza. Sikumjibu, maana kwetu kifo cha mtoto mchanga hakisemwi kwa mdomo, ukikisema umekiita. Niliubeba woga ule peke yangu, na ulikuwa mzito, jamani, nilikuwa naamka nimechoka.

Nikatafuta dawa. Kama mafuta ndiyo yanayotoa rangi, basi mafuta yaondoke. Nilichukua kibuyu cha Koko, nikakipeleka katika kibanda cha fromaji, nyuma kabisa ya rafu za kukaushia, nikakifunika na gunia bichi.

Ee, siku ile! Koko aligeuza nyumba chini juu.

"Nani alikamata mafuta yangu? Na musiniambie panya! Ni panya gani anaweza kubeba kibuyu muzima? Anavaa koti?"

Nilikaa nikichambua maharage yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilijiambia, sasa atakauka vizuri, atakaa.

Ila Koko hakuwa mtu wa kushindwa na kibuyu. Asubuhi iliyofuata nilitoka kuteka maji na kidumu changu, na nilipoingia nyumbani nilimwona amempakata mtoto, na mtoto alikuwa mwekundu. Mwekundu wa machungwa, kuanzia utosini mpaka vidoleni. Koko alikuwa amechukua mawese ya Papa, yale mafuta mekundu ya michikichi.

Hapa ni lazima mnielewe. Jana yake nilikuwa nimemsikia Papa akimwambia Mama juu ya Yosefu: "Ntamupaka kushi ingine juu, bantu wasione." Basi nilipomwona mdogo wangu amekolea rangi ambayo haikuwa yake, nilijua kila kitu. Weupe wa ndani umekwisha kuonekana. Wameuona. Sasa wanamfunika kwa rangi ya pili ili majirani wasijue kwamba anakwenda.

Kidumu kilianguka, maji yakaenda mpaka kwenye jiko.

"Mumuache!" nilipiga kelele. "Musimufiche! Mumuache tu tumuone!"

"Tumuone nini? Mutoto, uko na homa?"

"Hatakaa! Anatoka ngozi sawa Yosefu! Walimufanya haraka haraka, na mafuta inamutoa, na sasa munamupaka juu, na hatakaa!"

Koko alifungua kinywa acheke, kicheko kikamkwama. Kwa sababu Mama alikuwa ameanza kulia. Alilia bila sauti, ameshika ukingo wa kitanda, na machozi yalimwagika tu. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama naye alikuwa amelibeba neno lile lile siku zote, hatakaa, hatakaa, na hakuwa na mahali pa kuliweka. Mimi nilikuwa nimelitupa katikati ya nyumba.

"Nani alikuambia hatakaa?" Mama akauliza.

"Papa."

Papa alikuwa anaingia. "Mimi? Nilisema lini?"

"Ulisema juu ya Yosefu. Na huyu iko sawa naye."

Papa alinishika mkono, akachukua ndoo na kipande cha sabuni, tukatoka. Nilifikiri napelekwa kuchapwa. Tulikwenda mpaka kwenye zizi, kwa Bihogo, ng'ombe wetu mkubwa, ambaye jina lake ni rangi yake, ile kahawia nzito ambayo watu wa ng'ombe wanaiita hivyo. Papa akanipa kitambaa.

"Sugua."

"Wapi?"

"Pahali unapenda. Weka sabuni mingi. Sugua mupaka akasirike."

Nilisugua shingo, nilisugua bega. Bihogo aligeuza kichwa, akanipulizia pumzi ya nyasi, akaendelea kutafuna. Povu lilitoka chafu, na chini ya povu alikuwa kahawia.

"Sasa umupake mafuta," Papa akasema. Akanitazama, nikatazama chini. "Kalete," akasema.

Nilikwenda kwenye kibanda cha fromaji, nikarudi na kibuyu. "Kumbe panya njo huyu," akasema. Nilimpaka Bihogo mafuta kwa mikono miwili. Nilitazama viganja vyangu: kulikuwa na manyoya yaliyonata, mafuta yaliyong'aa, na rangi hakuna. Papa akapasua manyoya ya shingo kwa vidole viwili, akaniinamisha.

"Angalia kule chini. Unaona ile mapya inaota? Iko rangi gani?"

"Bihogo."

"Nani alimupaka?"

"Hakuna."

"Aya. Sanamu bantu wanamupaka toka inje, njo maana inatoka. Ngombe rangi yake inatoka ndani. Manyoya ya juu inaanguka, ya chini inakuja, na iko ile ile. Mutoto wetu iko ngombe, haiko sanamu. Ngozi yake ya juu inaanguka sababu ingine iko inakuja chini. Na weye ulibanduka vile vile, uliza Koko."

Nilivuta pumzi. Kisha nikauliza lililobaki. "Basi atakaa?"

Papa alisuuza kitambaa, akakikamua, akakitundika kwenye mti wa zizi. Angeweza kunidanganya, wazazi wanadanganya watoto wao kila siku kwa upendo.

"Sijui," akasema. "Hiyo ni ya Mungu. Ila rangi haitamutoka."

Na mimi, sijui kwa nini, jibu lile lilinitosha kuliko ndiyo. Nilirudi nyumbani, nikamrudishia Koko kibuyu chake. Alinipiga kofi moja la mgongo, jepesi, halafu akanipaka mafuta usoni kwa nguvu mpaka macho yakaniwasha.

Mtoto alibanduka, akamaliza. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, kahawia nzito, inayong'aa. Masikio yakafunguka. Siku moja alilia kweli kweli, kwa hasira, mpaka jirani akauliza kuna nini, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipotoka kituoni. Koko akatangaza siku ya jina.

Tulikaa kwenye mkeka, watoto wa mlima wote, mikono imenawishwa, maharage na maziwa mbele yetu. Baada ya kula Koko akatuzungukia. Mmoja alisema Furaha. Mwingine alisema Neema. Mwingine, ambaye alikuwa bado anatafuna, alisema Esta. Zamu yangu ikafika.

"Bihogo," nikasema.

Mkeka mzima ulivunjika kwa kicheko. "Hiyo ni ngombe yenu!" Hata jirani wakubwa walishika mbavu. Nilisikia uso unawaka, lakini sikulibadilisha. Papa alikuwa ameegemea mlango, na hakucheka. Koko alinitazama, akamtazama Papa, halafu akachovya kidole katika kibuyu, akamgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Bihogo," akasema. "Akae."

Padri alimpa jina lingine la ubatizo, lipo kwenye karatasi, hatulitumii. Yosefu naye Papa hakumpaka tena kushi ya pili. Alitoka rangi mpaka akawa mweupe mtupu, asiye na macho wala ndevu, na wageni waliuliza ni nani huyo aliyesimama kati ya vyansi. "Ni Yosefu," Mama alijibu. "Mimi namujua."

Nimeandika haya nikisimama na kukaa. Wale wabaya wa leo nimewarudisha katika katoni, watarudi walikotoka, na nitawapigia simu wenye kiwanda, watanisikia. Mvua ilinyesha, ikakatika. Saa za mchana zilipita, simu ya Bihogo haikuita. Mwanamotari wa sabuni alirudi kununua biskuti, akasema kuna malori yamekwama huko juu, watu wanapita kwa miguu, hakujua zaidi. Barabara yetu hii, mtu akiwa juu yake unamwacha kwa Mungu. Nilimsugua punda mmoja aliyebaki mezani mara ya tatu, kwa kukosa cha kufanya.

Ndipo pikipiki ikasimama mbele ya duka. Juu yake, nyuma ya mafungu ya majani ya ndizi, alikuwa mtu wa udongo. Tope lilikuwa limemkaukia toka kichwani mpaka viatuni, kijivu, limepasuka-pasuka usoni kama plasta. Alishuka, akasimama tu, amechoka hata kusema. Sikumjua. Nasema kweli, nilimtazama mtu yule na sikujua ni nani.

Nikatoka nyuma ya meza. Kidole gumba changu kilikuwa bado na mafuta. Nikamshika kidevu, nikamsugua shavuni, nikabonyeza. Ganda likaanguka. Chini yake akatokea kahawia, ile nzito, inayong'aa.

"Yaya, uniache!" akasema mdogo wangu. "Niko sanamu? Nipe chakula."

Nikamsugua na shavu la pili. Kisha nikavuta kiti changu, nikakaa.